Sura ya 6: Sikukuu ya Kwanza Ugenini

Kijana anayejiandaa kwenda kujitolea Ulaya huulizwa mengi kuhusu viza, baridi na chakula. Swali jingine huja baadaye, mara nyingi kutoka kwa wazazi: sikukuu ikifika, mtoto atakula wapi, na atakuwa na nani? Kwa siku za kazi jibu ni rahisi, kwa sababu ratiba ipo na msimamizi yupo. Sikukuu haina msimamizi. Inaendeshwa kwa desturi ambazo wenyeji wamekua nazo tangu utotoni, na kwa hiyo hawakumbuki kumweleza mgeni.

Sura hii inachukua mfano wa Ujerumani. Nchi hiyo ina uhusiano wa muda mrefu na Afrika Mashariki. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, na makanisa ya pande hizo mbili bado yanabadilishana wageni. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010. Kuna pia njia rasmi ya kijana kutoka Tanzania, Kenya au Uganda kwenda kujitolea Ujerumani kwa mwaka mzima, na kila anayepita njia hiyo hukutana na Krismasi ya Wajerumani.

Mwaka wa kujitolea ukoje?

Mjitoleaji, ambaye mtaani huitwa pia volontia, ni mtu anayefanya kazi ya huduma kwa hiari bila mshahara. Ujerumani ina taratibu za kujitolea zinazotambuliwa na sheria, na mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni Freiwilliges Soziales Jahr, kwa kifupi FSJ, yaani mwaka wa hiari wa huduma za jamii. Hii ni ya vijana ambao hawajafikisha miaka 27. Ya pili ni Bundesfreiwilligendienst, kwa kifupi BFD, yaani huduma ya hiari chini ya serikali kuu, ambayo haina kikomo cha umri.

BFD ilianza Julai 2011. Mwaka huo Ujerumani ilisimamisha jeshi la lazima, na utumishi wa kiraia waliopangiwa vijana waliokataa kushika silaha ukafa pamoja nalo. Hospitali, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu vikapungukiwa na watu, na BFD ikaja kuziba pengo.

Njia inayowahusu zaidi vijana wa Afrika ni programu ya weltwärts, iliyo chini ya wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ilianza 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani ng'ambo, wakiwemo waliokuja kufundisha na kuhudumu Tanzania. Mwaka 2013 ikaanza pia kupokea vijana wa miaka 18 hadi 28 kutoka nchi za Kusini. Vijana hao huhudumu Ujerumani chini ya utaratibu wa BFD.

Kwa kawaida mjitoleaji hupata:

- mahali pa kulala, katika familia mwenyeji au katika nyumba anayoishi na vijana wenzake;
- chakula, au fedha za chakula;
- bima ya afya;
- posho ya mwezi, ambayo kwa mwaka 2025 sheria iliiwekea kikomo cha juu cha euro 644, na wengi hupata chini ya hapo;
- siku 25 za semina katika mwaka, ambapo wajitoleaji hukutana kujifunza na kuzungumzia yaliyowapata.

Wengi huanza kazi Agosti au Septemba. Sikukuu kubwa za mwaka huwakuta katika mwezi wa nne au wa tano, lugha ikiwa bado nzito mdomoni. Hali ya hewa nayo haisaidii. Mjini Hamburg, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa 2 na nusu asubuhi na kuzama saa 10 alasiri. Mtu aliyezoea saa 12 za mwanga kila siku ya maisha yake huenda kazini gizani na kurudi gizani.

Sikukuu za taifa na sikukuu za majimbo

Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina orodha yake ya siku za mapumziko. Siku tisa ni za nchi nzima: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, tarehe 3 Oktoba, ambayo ni kumbukumbu ya kuungana kwa Ujerumani Mashariki na Magharibi mwaka 1990, kisha tarehe 25 na 26 Desemba.

Nyingine hutegemea historia ya dini ya mahali. Hamburg, yenye asili ya Kilutheri, hupumzika tarehe 31 Oktoba kukumbuka Matengenezo ya Kanisa. Bavaria, yenye Wakatoliki wengi, hufanya kazi siku hiyo na kupumzika kesho yake, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mji wa Augsburg una sikukuu yake peke yake, tarehe 8 Agosti. Kwa hiyo wajitoleaji wawili waliosafiri kwa ndege moja wanaweza kupumzika siku tofauti.

Siku ya mapumziko inapofika, maduka hufungwa kabisa. Sheria hiyo inahusu pia kila Jumapili. Hakuna genge la kona wala duka la Mangi la kukimbilia chumvi inapoisha jioni. Vituo vya mafuta na baadhi ya maduka ya stesheni kubwa za treni hubaki wazi, kwa bei ya juu. Mgeni hujifunza kununua mahitaji mapema, na asiyejifunza Oktoba hujifunza Desemba kwa njaa.

Tofauti kubwa: sikukuu huanza kabla ya siku yake

Uchagani, Desemba inapofika, mabasi ya Moshi na Rombo hujaa watu wanaorudi nyumbani. Siku yenyewe mnyama huchinjwa, milango hubaki wazi na jirani huingia bila kuitwa. Pwani na Zanzibar, siku ya Idi watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba mkono wa Idi, na jioni viwanja hujaa. Huku na huku, siku yenyewe ndiyo ya kutoka nje na kuonana na watu.

Ujerumani mpangilio ni kinyume. Watu hukutana nje katika wiki sita za kabla ya Krismasi, sokoni, shuleni, kazini na kanisani. Siku yenyewe inapofika, kila familia huingia ndani na kufunga mlango. Anayesubiri tarehe 24 Desemba ndipo aanze kusherehekea na wenyeji amechelewa. Wakati huo watu walikwisha kupanga nani atakaa meza ipi.

Mgeni asiyejua hili hudhani amechukiwa. Mwenzake wa kazini aliyecheka naye mwezi mzima humuaga tarehe 23 kwa bashasha, kisha hapigi simu hadi tarehe 27. Kwa Mjerumani hakuna kosa hapo: siku hizo ni za wazazi, watoto na mabibi na mababu, na mwenzake hakumdharau kwa kutokumwita. Anajua tu kwamba mwaliko wa siku hizo ni jambo zito linalopangwa mapema.

*Kwa ufupi: wiki za kabla ya Krismasi ni za watu wote, siku ya Krismasi ni ya familia. Mgeni huingia kwenye siku kupitia wiki.*

Novemba: taa za watoto

Mlango wa kwanza hufunguka tarehe 11 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Martini, hasa kwa mjitoleaji aliyepangiwa chekechea. Martini alikuwa askari wa Roma ambaye, kwa mujibu wa simulizi, alikata joho lake kwa upanga na kumpa maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi nusu yake.

Kwa wiki mbili au zaidi kabla ya siku hiyo chekechea hugeuka karakana. Watoto hukata karatasi ngumu, hubandika karatasi laini za rangi zinazopitisha mwanga, na mjitoleaji hufunga waya juu ili taa ining'inizwe kwenye kijiti. Zamani ndani ya taa uliwekwa mshumaa. Siku hizi wengi hutumia balbu ndogo ya betri iliyo kwenye ncha ya kijiti. Jioni ya siku yenyewe, giza likiisha kuingia, watoto, wazazi na walimu hupita barabarani kwa maandamano wakiimba. Sehemu nyingi hutangulia mtu aliyepanda farasi na kuvaa joho jekundu. Mwisho wa safari huwa na moto mkubwa, na katika maeneo ya mto Rhine watoto hupewa mkate mtamu wenye umbo la mtu aliyeshika kiko.

Kwa mjitoleaji, faida ya jioni hiyo ni kuonana na wazazi. Kwa miezi miwili wamemsikia tu kwa watoto wao. Sasa wanamwona akiinama kurekebisha taa iliyozimika, na wengi husogea kujitambulisha. Mialiko mingi ya Desemba huanzia kwenye mazungumzo ya dakika tatu kama hayo.

Majilio: wiki nne za kungoja

Majilio ni kipindi cha kanisa chenye Jumapili nne kabla ya Krismasi. Waumini wa Afrika Mashariki wanakijua kupitia ibada. Ujerumani kipindi hiki kimeingia hadi mezani, hata kwa watu wasiokwenda kanisani kabisa. Idadi yao si ndogo, kwani tangu 2022 waumini wa makanisa mawili makubwa, Katoliki na Kiinjili, wako chini ya nusu ya wananchi wote.

Desturi nne ndizo zinazoonekana kila mahali.

*Shada la Majilio.* Ni duara la matawi mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Lilianzishwa Hamburg mwaka 1839 na mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini. Kwa vile watoto walimuuliza kila siku Krismasi itafika lini, alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa siku nyingine, ili wahesabu wenyewe.

*Kalenda ya Majilio.* Ina vidirisha 24, kimoja kwa kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba, na nyuma ya kila kidirisha kuna chokoleti au picha. Vituo vingi humpa mjitoleaji ya kwake.

*Viatu vya Nikolasi.* Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, watoto husafisha buti zao na kuziweka mlangoni. Asubuhi huzikuta na karanga, machungwa na peremende. Anayeishi na familia mwenyeji naye aweke kiatu chake. Akikiacha chumbani, huenda familia iliyomwandalia kitu ikabaki na zawadi mkononi.

*Masoko ya Krismasi.* Karibu kila mji huwa na vibanda vya mbao uwanjani kuanzia mwisho wa Novemba. Soko la Dresden, Striezelmarkt, lina historia inayorudi hadi mwaka 1434. Vinauzwa soseji za kuchoma, mapambo ya mbao, biskuti za tangawizi na mvinyo mwekundu uliopashwa moto pamoja na mdalasini na karafuu. Harufu yake humshangaza mtu wa Zanzibar, kwa kuwa viungo ni vilevile vya chai ya nyumbani. Asiyekunywa pombe aagize Kinderpunsch, kinywaji cha matunda kisicho na kilevi. Kikombe hutolewa kwa amana: mnunuzi hulipa euro kadhaa za ziada, na akirudisha kikombe hurudishiwa fedha zake.

Kazini nako kuna karamu ya mwisho wa mwaka. Mara nyingi wafanyakazi huchota majina kwenye kofia, na kila mmoja humnunulia zawadi ndogo yule aliyemchota bila kujitaja. Bei ya juu hutangazwa mapema. Kuivuka hakupendezi, kwani humtia aibu aliyeleta zawadi ya kawaida.

Jioni ya tarehe 24

Kilele cha Krismasi ya Ujerumani ni jioni ya mkesha, wala si tarehe 25. Kisheria tarehe 24 ni siku ya kazi. Maduka mengi hufungwa karibu saa 8 mchana na hayafunguliwi hadi tarehe 27, na tarehe 27 ikiangukia Jumapili, hadi tarehe 28. Ununuzi wa mwisho hufanywa tarehe 23.

Familia nyingi hupamba mti siku hiyo hiyo. Alasiri huwa na ibada ambayo watoto huigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kanisa lenye waumini ishirini Jumapili ya kawaida hujaa hadi watu kusimama, jambo linalomshangaza kijana aliyezoea viti vilivyojaa wiki zote. Baada ya ibada familia hurudi nyumbani, hula na kupeana zawadi. Watoto wa kusini na magharibi huambiwa zawadi zimeletwa na Mtoto Yesu, wale wa kaskazini na mashariki huambiwa ni Mzee wa Krismasi.

Chakula cha jioni hiyo kinaweza kumvunja moyo aliyetarajia karamu. Nyumba nyingi hula saladi ya viazi na soseji za kuchemsha. Mpishi alikuwa kazini hadi mchana na bado ana mti wa kupamba, ndiyo maana huandaa kitu chepesi. Zamani pia Majilio yalikuwa kipindi cha kufunga hadi usiku wa Krismasi. Karamu kubwa ya bata bukini, kabichi nyekundu na madonge ya viazi huja tarehe 25 au 26.

Kwa mjitoleaji wa nyumba ya wazee, jioni hiyo inaweza kuwa ya kazi. Wafanyakazi wenye watoto wadogo huomba mapumziko, na asiye na familia karibu hupangiwa zamu. Zamu hiyo ina uzuri wake. Saa 9 alasiri wazee huletwa ukumbini, wengine kwenye viti vya magurudumu, wanaume wamevaa tai na wanawake wamechanwa nywele vizuri. Kahawa humiminwa, na keki nzito ya zabibu kavu iliyonyunyiziwa sukari ya unga hukatwa vipande vyembamba. Kila mkazi hupewa kifurushi chenye jina lake, na mjitoleaji huwasaidia wenye vidole vilivyokakamaa kufungua utepe.

Kisha huimbwa wimbo wa Stille Nacht, ambao makanisa ya Afrika Mashariki huuimba kwa jina la Usiku Mtakatifu. Maneno yake yaliandikwa na padri Joseph Mohr na sauti ikatungwa na Franz Xaver Gruber, na uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria. Mzee mwenye maradhi ya kusahau, ambaye asubuhi hakumtambua binti yake, anaweza kuuimba wote bila kukosea. Mjitoleaji asiyejua maneno ya Kijerumani anaijua sauti, na anaweza kuimba kwa Kiswahili pembeni mwake.

Anayefanya kazi siku ya sikukuu hupewa siku nyingine ya kupumzika. Jambo hilo liulizwe kwa msimamizi kabla ya ratiba ya Desemba kupangwa.

Namna ya kupokea mwaliko

Mwaliko wa Kijerumani huwa na saa, na mara nyingi huwa na mwisho. "Karibu wakati wowote" ni maneno ya adabu. "Njoo tarehe 26 saa 9 alasiri kwa kahawa na keki" ndio mwaliko. Akishapata mwaliko wa aina hiyo, mgeni azingatie haya:

1. Afike kwa saa iliyotajwa. Dakika kumi za kuchelewa huhitaji ujumbe wa simu. Kuwahi kwa nusu saa ni usumbufu.
2. Asilete mwenzake bila kuuliza. Sahani huhesabiwa.
3. Abebe kitu kidogo: maua, chokoleti, au kahawa ya Kilimanjaro au Bukoba iliyotoka nyumbani.
4. Aulize mlangoni kama anatakiwa kuvua viatu. Nyumba nyingi zina ndara za wageni.
5. Aseme mapema asichokula. Kusema siku ya mwaliko kumechelewa. Kukaa kimya na kuacha chakula ni kubaya zaidi.
6. Afungue zawadi papo hapo akiombwa kufanya hivyo. Kwa Waswahili wengi, kufungua mbele ya mtoaji huonekana ni uroho. Kwa Mjerumani, kuiweka kando huonekana ni kutoijali.
7. Ajitolee kuondoa vyombo mezani, kisha akubali akikataliwa.
8. Atume neno la shukrani kesho yake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjitoleaji alipewa jembe siku ya kwanza, na sikukuu ndiyo inayompa nafasi ya kuwa mgeni. Asione haya kukaa akahudumiwa.

Mjitoleaji Mwislamu

Idi si siku ya mapumziko ya taifa Ujerumani. Mjitoleaji Mwislamu huomba likizo yake mapema, na vituo vingi hukubali. Hamburg ilitia saini mkataba na jumuiya za Waislamu mwaka 2012 unaowapa waumini nafasi ya kuomba kutokwenda kazini au shuleni siku za sikukuu zao.

Tarehe huleta utata. Misikiti mingi ya Ujerumani, hasa ile yenye asili ya Uturuki, hufuata kalenda ya hesabu za kifalaki iliyochapishwa mapema. Afrika Mashariki wengi husubiri mwezi uonekane. Basi mtu anaweza kuswali Idi Hamburg huku ndugu zake Mombasa au Unguja wakiwa bado wamefunga. Urefu wa saumu nao hubadilika kwa kadiri Ramadhani inavyorudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: katikati ya Machi mchana wa Hamburg unakaribia saa 12 kama nyumbani, Juni unafikia saa 17, Desemba haufiki saa 8.

Mezani, tahadhari kubwa ni nguruwe. Soseji nyingi zina nyama yake, saladi ya viazi katika maeneo mengine hutiwa vipande vya mafuta yake, na peremende laini nyingi zina jelatini itokanayo na ngozi yake. Maduka ya Waturuki huuza nyama halali karibu katika kila mji mkubwa.

Baada ya Krismasi

Sikukuu zinazofuata zinahitaji maelezo mafupi tu. Mkesha wa Mwaka Mpya ni wa marafiki zaidi kuliko familia. Fataki za umma huuzwa kuanzia tarehe 29 hadi 31 Desemba, na saa 6 usiku mitaa hujaa moshi na milio. Aliyekulia penye vita ajiandae au akae ndani. Jioni hiyo televisheni huonyesha mchezo mfupi wa Kiingereza, Dinner for One, uliorekodiwa 1963, na Wajerumani huucheka kila mwaka kama mpya.

Tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, watoto wa Kikatoliki huvaa kama wafalme watatu, huimba mlangoni, huandika baraka kwa chaki na kuchangisha fedha za watoto wa nchi nyingine. Kabla ya Kwaresima huja Karnivali, kubwa zaidi Köln, Mainz na Düsseldorf, yenye mavazi ya kuchekesha na magari yanayorusha peremende. Katika desturi zote mbili wapo ambao bado hujipaka weusi usoni kuigiza Mwafrika. Wajerumani wengi wanaipinga tabia hiyo. Mjitoleaji anayekutana nayo ana haki ya kusema imemuudhi, na semina za katikati ya mwaka ni mahali pazuri pa kulizungumza.

Ijumaa Kuu ni siku ya kimya. Katika majimbo mengi sheria huzuia muziki wa dansi hadharani. Jumamosi usiku, hasa kaskazini, huwashwa mioto mikubwa, na asubuhi ya Pasaka watoto hutafuta mayai yaliyofichwa bustanini.

Kuukabili upweke

Hata aliyealikwa anaweza kujisikia mpweke akiona picha za nyumbani kwenye simu. Haya husaidia:

- Kumwambia msimamizi au familia mwenyeji mwezi Novemba, kwa maneno ya wazi: "Sina mahali pa kwenda tarehe 24." Mjerumani hukisia kidogo na hujibu alichoambiwa.
- Kupiga simu nyumbani kwa saa iliyopangwa. Majira ya baridi Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, kwa hiyo simu ya saa 12 jioni huko hufika saa 2 usiku huku.
- Kutafuta wajitoleaji wengine waliobaki mjini na kupika pamoja tarehe 25.
- Kuwa mwenyeji pia. Tarehe 9 Desemba, Uhuru wa Tanganyika, na tarehe 12 Desemba, Jamhuri ya Kenya, huangukia ndani ya Majilio, wakati ambao Wajerumani wako tayari kutoka. Sufuria ya pilau na chapati chache huwaleta watu mezani, na anayewalisha wenzake kwa kawaida hualikwa naye.

Muhtasari na maswali ya kuuliza

Krismasi ya Ujerumani huanza na taa za Novemba, hupitia wiki nne za Majilio na kufungiwa ndani ya familia jioni ya tarehe 24. Mjitoleaji anayeshiriki mapema huwa na meza ya kukaa. Anayengoja siku yenyewe hukuta mitaa mitupu na maduka yaliyofungwa.

Kabla ya kutia saini mkataba, kijana na wazazi wake waulize shirika linalompeleka maswali matatu. Siku za sikukuu atakuwa kazini au mapumzikoni? Kama hana familia mwenyeji, nani atahakikisha hakai peke yake tarehe 24? Akipatwa na jambo siku ambazo ofisi zimefungwa, atapiga simu namba gani? Shirika lisiloweza kujibu hayo matatu halijawa tayari kupokea mtoto wa mtu.